Spika ya Ukaguzi: Istilahi na Uteuzi wa Spika katika Chumba Kidogo cha Muziki

Katika fani ya kurekodi na kuchanganya muziki, neno monita hutumika kutaja spika iliyoundwa ili fundi wa sauti aisikie rekodi jinsi ilivyo, pamoja na kasoro zake zote, badala ya kuisikia jinsi ambavyo msikilizaji angependa iwe. Asili ya neno hilo ni Kilatini, ambako kitenzi monere kilikuwa na maana ya kuonya au kukumbusha, na kutoka huko lilipitia Kiingereza kabla ya kuingia katika Kiswahili kwa njia zaidi ya moja: yupo monita wa darasa, ambaye ni mwanafunzi anayesimamia wenzake, ipo monita ya kompyuta, ambayo ni kioo cha kuonyesha picha na maandishi, na ipo monita ya jukwaani, ambayo ni spika inayowekwa sakafuni ikimwelekea mwimbaji ili ajisikie anapoimba. Ngeli humtenga monita wa darasa na vifaa, kama inavyomtenga Spika wa Bunge na spika ya redio, lakini haiwezi kutenganisha kifaa kimoja na kingine, na ndiyo maana mnunuzi anayeingia dukani akaulizia monita huweza kuonyeshwa kioo cha kompyuta au spika ya jukwaani, wakati anachohitaji ni kitu cha tatu.

Istilahi inayopendekezwa hapa ni spika ya ukaguzi. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1967 na ambalo tangu miaka ya 1970 limekuwa likitoa orodha za istilahi katika vijitabu vya Tafsiri Sanifu, limewazoesha wasomi wa lugha kuuliza iwapo neno linaonyesha kazi ya kitu, na iwapo linaweza kuzaa maneno mengine ya jamii yake. Spika ya ukaguzi inayatimiza yote mawili, kwa kuwa msikilizaji anaelewa papo hapo kuwa spika hiyo ni ya kukagulia, na kutokana nayo zinapatikana bila taabu hedifoni za ukaguzi, chumba cha ukaguzi na kiwango cha ukaguzi, yaani ukubwa wa sauti ambao fundi ameuzoea na anaurudia kila afanyapo kazi. Spika ya uangalizi ingefaa pia, ila uangalizi humpeleka msomaji kwenye macho au kwenye malezi. Nayo spika ya rejea hutaja matokeo ya kifaa bila kutaja kitendo. Neno kipaza sauti halifai kabisa, kwa sababu limekwisha kubeba maikrofoni na spika kwa pamoja, na mzigo huo tayari unalizidi.

Jina hili lina faida nyingine ambayo ni ya kiutendaji kuliko ya kilugha, nayo ni kwamba linamrekebisha mnunuzi kabla hajatoa fedha. Mkaguzi wa hesabu hapimwi kwa kumfurahisha mwenye duka, bali kwa kuikuta shilingi iliyopotea. Vivyo hivyo spika ya ukaguzi haifai kuchaguliwa kwa sababu ilipendeza ilipojaribiwa dukani. Sabufa ya sebuleni, iliyozoeleka sana katika nyumba za Afrika Mashariki, imeundwa kwa makusudi ili besi ijae na sauti nyembamba zing'ae, kwa hiyo wimbo wowote unaopigwa ndani yake hupata uzito hata kama haukurekodiwa na uzito huo. Mtayarishaji anayechanganya muziki wake kwa sabufa hudanganywa na kifaa chenyewe: anasikia besi imezidi, anaipunguza, na wimbo ukifika kwenye redio au kwenye simu unasikika mwembamba, usio na mdundo.

Ili kuelewa kinachokaguliwa, ni vyema kukumbuka jinsi spika inavyofanya kazi. Umbo linalotumika hadi leo lilielezwa mwaka 1925 na wahandisi Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani: koili ya waya mwembamba inaning'inia ndani ya uga wa sumaku, umeme wa mawimbi ya muziki unapita katika koili hiyo, na msukumano unaotokea huitikisa koni iliyoshikamana nayo, ambayo nayo huisukuma hewa. Wingi wa mitikisiko katika sekunde moja huitwa masafa na hupimwa kwa hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia takribani kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Kwa kuwa koni moja ni vigumu kuyatoa vizuri masafa yote hayo, spika nyingi za ukaguzi huwa na koni ya besi, twita ya masafa ya juu, na krosova, ambayo ni saketi inayogawa masafa na kuipa kila moja sehemu yake. Mwitikio wa masafa, yaani kipimo cha jinsi spika inavyotoa kila masafa kwa nguvu ileile iliyopokea, ndio unaotafutwa uwe sawa iwezekanavyo, bila kilima wala bonde.

Hata hivyo, usawa huo hupimwa katika vyumba maalumu visivyoakisi sauti, na hakuna mtu anayefanyia muziki humo. Chumba kidogo cha nyumbani kina tabia zake, na kwa besi tabia hizo zina nguvu kuliko tofauti yoyote iliyopo kati ya spika ya bei ya wastani na ya bei kubwa. Chukuliwe chumba cha kawaida cha futi kumi kwa kumi, ambacho upana wake ni mita 3 na kidogo. Katika hewa yenye nyuzijoto 30, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde, na wimbi ambalo nusu ya urefu wake inalingana na upana wa chumba hicho lina masafa ya karibu hezi 57. Wimbi la masafa hayo likigonga ukuta hurudi na kukutana na jingine linalokuja, yakajipanga juu ya nafasi zilezile, hivi kwamba kwenye kuta besi inanguruma na katikati ya chumba karibu inatoweka. Hali hiyo inaweza kuitwa mvumo wa chumba. Chumba kikiwa mraba, mvumo wa upana na mvumo wa urefu huangukia masafa yaleyale na kuzidishana, na dari nayo ikiwa futi kumi kwenda juu, mivumo mitatu hukutana mahali pamoja. Mvumo wa namna hiyo hujirudia kwenye hezi 114 na kuendelea.

Madhara yake kwa mwanamuziki yanaonekana wazi. Waya wa pili wa gitaa la besi, ukihesabiwa kutoka ule mnene, ukipigwa bila kubanwa hutoa noti ya hezi 55, ambayo iko jirani kabisa na mvumo wa chumba hicho. Fundi aliyeketi katikati ya chumba ataisikia noti hiyo ikififia wakati noti za jirani zinasikika sawasawa, ataipandisha, na wimbo ukipigwa ndani ya daladala noti hiyohiyo itatikisa vioo. Hapo spika haina hatia, na kununua spika kubwa zaidi hakuondoi tatizo bali kunaliongeza, maana spika kubwa humwaga nguvu zaidi katika masafa yaleyale ambayo chumba hakiwezi kuyapokea kwa usawa. Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu jambo hili umetoka Marekani, ambako nyumba nyingi zina kuta za fremu za mbao zilizofunikwa kwa bodi za jasi; kuta za namna hiyo hutikisika na kuiruhusu sehemu ya besi ipite nje. Ukuta wa tofali za saruji uliopigwa plasta, sakafu ya vigae na dirisha lililofungwa huirudisha besi ndani karibu yote, kwa hiyo chumba cha Dar es Salaam au cha Mombasa chenye vipimo vilevile huwa kikali zaidi kuliko kile kilichokusudiwa na ushauri huo.

Kutokana na hayo, kanuni ya kwanza ya uteuzi ni kwamba spika ichaguliwe kwa kufuata chumba. Katika futi kumi kwa kumi, koni ya besi ya inchi tano inatosha, na ya inchi nane mara nyingi imezidi. Kanuni ya pili inahusu kasha. Yako makasha yaliyozibwa pande zote, na yako yenye tundu ambalo hewa yake hutikisika pamoja na koni ili kuongeza besi. Tundu hulipatia kasha dogo sauti nzito, lakini chini ya kikomo chake besi hushuka ghafla zaidi kuliko katika kasha lililozibwa, na mdundo huchelewa kunyamaza, jambo ambalo humfanya fundi ashindwe kujua kama mkia wa sauti ya ngoma umo katika rekodi au umetoka kwenye kasha.

Historia ya spika mbili mashuhuri inathibitisha uzito wa suala hilo. Ya kwanza ni LS3/5A, iliyobuniwa na wahandisi wa BBC nchini Uingereza katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ambamo nafasi ilikuwa finyu kupindukia. Kimo cha kasha lake ni takribani sentimita 30, limezibwa, na halikujaribu kushuka hadi masafa ya chini kabisa. Lililolengwa ni kwamba sauti ya binadamu isikike kwa ukweli. Ya pili ni Yamaha NS-10, iliyotoka Japani mwaka 1978 kama spika ya nyumbani, haikupendwa sana majumbani, kisha ikapokelewa na mafundi wa studio dunia nzima hadi uzalishaji wake ulipokoma mwaka 2001. Mwaka huohuo Philip Newell, Keith Holland na Julius Newell walitoa uchunguzi wa vipimo uliolenga kueleza kwa nini spika hiyo, ambayo mwitikio wake wa masafa haukuwa sawa hata kidogo, iliaminiwa kwa miaka zaidi ya 20. Sehemu kubwa ya jibu lao ilikuwa katika kasha lake lililozibwa na jinsi besi yake ilivyonyamaza upesi. Usahihi wa wakati, kwa maneno mengine, unaweza kuwa na thamani kwa mkaguzi kuliko wingi wa besi, na hili ni jambo ambalo takwimu zilizochapishwa kwenye boksi la spika hazilisemi.

Spika ikishapatikana, mahali pa kuiweka pana uzito sawa na uteuzi wenyewe. Usikilizaji wa karibu, ambao ndio msingi wa kazi katika chumba kidogo, una maana kwamba spika mbili na kichwa cha msikilizaji vinafanya pembetatu yenye pande sawa za mita moja hivi, twita zikiwa usawa wa masikio, ili sauti inayotoka moja kwa moja kwenye koni ifike ikiwa na nguvu kuliko ile iliyoakisiwa na kuta. Sauti ya besi inayozunguka nyuma ya spika hugonga ukuta na kurudi. Spika ikiwa mita moja kutoka ukutani, ile inayorudi hukinzana na ile inayotoka kwenye hezi 87 hivi na kuacha bonde katika mwitikio. Ndiyo maana katika chumba finyu ni afadhali spika isogezwe karibu na ukuta, na ongezeko la besi linalotokana na ukuta lipunguzwe kwa swichi ambayo spika nyingi zenye amplifaya ndani huwa nayo nyuma, lakini isiwekwe pembeni kabisa ambako kuta mbili hukutana. Kiti nacho kisiwe katikati ya chumba.

Trei za mayai, zinazobandikwa katika studio nyingi za mitaani, na godoro jembamba la sponji, hufyonza masafa ya juu kiasi fulani na kuiacha besi kama ilivyokuwa, kwa sababu robo ya urefu wa wimbi la hezi 57 ni karibu mita moja na nusu, na kitu chenye unene wa sentimita chache hakilizuii. Chumba kilichobandikwa trei huwa kizito zaidi kwa kulinganisha, kwani sauti nyembamba zimepungua peke yake, na karatasi ya trei hizo hushika moto kwa urahisi. Pamba ya mawe yenye unene wa sentimita 10 au zaidi, ikisimamishwa kwenye pembe za chumba na kufunikwa kitambaa, hufanya kazi kubwa zaidi, ingawa nayo haiimalizi besi ya chini kabisa.

Kuhusu umeme, spika za mtumba zenye amplifaya ndani zilizotoka Japani huwa zimeundwa kwa volti 100, na zikichomekwa bila transfoma kwenye umeme wa volti 230 huungua.

Kwa mtu mwenye fedha kidogo na chumba cha futi kumi kwa kumi, uamuzi ulio bora ni jozi ya spika za ukaguzi za inchi tano, zenye kasha lililozibwa zikipatikana, na fedha ambayo ingenunua koni kubwa zaidi itumike kwa pamba ya mawe.