Nani Aliyekuvisha? Historia ya kujiandaa kwa picha katika pwani ya Afrika Mashariki

Picha ya kikazi imekuwa biashara inayokwenda vizuri Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Mwanasheria aliyehitimu juzi, mshauri wa fedha, mwalimu anayetafuta wanafunzi mtandaoni, wote wanaingia studio wakiwa wamekwisha kuchagua koti, wamenyoa au wamesuka, na wamefikiria wanataka kuonekana watu wa namna gani. Hawakosi wa kuwalaumu. Kuna wasemao kwamba huu ni uzungu ulioletwa na mitandao ya kijamii, na kuna wasemao kwamba mwenye kazi nzuri hana haja ya kujipamba ili ajulikane. Lawama zote mbili zinasahau kwamba watu wa pwani hii wamekuwa wakijiandaa kwa picha kwa zaidi ya miaka 150. Tena historia hiyo ina jambo ambalo wapiga picha wa leo hawawaambii wateja wao: picha ni ya yule aliyemwandaa anayepigwa. Mtu akijiandaa mwenyewe, picha ni yake hata kama koti ni la kuazima. Akiandaliwa na mwingine, picha ni ya huyo mwingine ijapokuwa sura si yake.

Upigaji picha ulitangazwa rasmi Ufaransa mwaka 1839, na kabla karne ile haijaisha Unguja ilikuwa na studio kadhaa. Iliyovuma zaidi ni ya A. C. Gomes, Mgoa aliyeanza kazi Mji Mkongwe mwishoni mwa miaka ya 1860. Akina Coutinho wakafuata, Unguja na Mombasa. Kujiandaa katika studio za enzi hizo hakukuwa anasa, mitambo yenyewe ilikulazimisha. Bamba la kioo lilipakwa dawa, likatiwa ndani ya kamera likiwa bado majimaji, na likasafishwa kabla halijakauka. Katika joto la Unguja muda huo ulikuwa mfupi mno. Mteja alitakiwa atulie kwa sekunde kadhaa, na studio nyingi za zama hizo zilikuwa na chuma maalumu cha kushikilia kisogo ili kichwa kisitikisike. Ndiyo maana nyuso za picha za kale zinaonekana kavu, kwani ni shida kushikilia tabasamu muda wote huo lisigeuke kuwa kitu kingine. Rangi nazo zilikuwa na mambo yake. Dawa za zamani hazikuuona wekundu: nguo nyekundu ilitoka nyeusi, na ya samawati ikatoka karibu na nyeupe. Chukua kisutu, kanga ya harusi yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mbele ya kamera ile wekundu na weusi vilikuwa kitu kimoja, na nusu ya nakshi ikapotea. Kanzu nyeupe katika mwanga mkali iligeuka bapa, mikunjo isionekane. Aliyeyajua haya alichagua nguo kwa jicho la kamera, kama anavyofanya leo mteja anayeshauriwa asivae shati la mistari myembamba.

Wenye madaraka waliielewa kazi hii mapema. Sultani Barghash bin Said alipozuru London mwaka 1875 alipigwa picha katika studio ya Maull, na kilemba chake na joho lake. Alikuwa mgeni wa dola ambayo miaka miwili tu nyuma ilikuwa imemlazimisha kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, lakini picha iliyobaki ni ya mtawala aliyejipanga mwenyewe. Dada yake kwa baba, Sayyida Salme, alikuwa amekwisha kuondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akawa Emily Ruete. Picha yake inayojulikana zaidi ilipigwa Hamburg, naye amevaa mavazi na vito vya mwanamke wa jumba la kifalme la Unguja. Mtu anaweza kudai kwamba Wajerumani ndio waliotaka kumwona hivyo, na ni kweli kwamba walikuwa na hamu ya kila kilichotoka Mashariki. Lakini mavazi yale aliyajua yeye. Hapakuwa na fundi wa Hamburg ambaye angeweza kumwelekeza suruali ikae vipi na mkufu uangukie wapi.

Weka picha hizo kando ya kadi za posta ambazo studio za Unguja ziliwauzia abiria wa meli mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Wanawake wamevaa kanga zilizokunjuka vizuri, wana vikuku na vipini, wamekalishwa juu ya mkeka au kigoda, mara nyingine mmoja akimsuka mwenzake. Mwanga ni mzuri na nguo ni nzuri. Chini yake pameandikwa kwa lugha ya kigeni kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili, au bibi wa Zanzibar, na maelezo yanaishia hapo. Jina hakuna. Mwanahistoria wa sanaa Prita Meier, ambaye ameandika kwa kirefu kuhusu picha za pwani, anatutaka tusiuache uzuri wa picha kama hizi utusahaulishe utumwa uliokuwa nyuma yake. Katika Unguja hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kwa hiyo baadhi ya picha tunazoziita leo picha za Waswahili wa zamani zilipigwa wakati ambapo mtu aliweza kupelekwa studio, akavishwa, akakalishwa, na asiulizwe lolote. Huko nako kulikuwa na maandalizi, tena ya ustadi mkubwa, ila hayakuwa yake.

Kulikuwa pia na picha zilizokataza maandalizi kabisa. Mwaka 1869 mwanasayansi Thomas Henry Huxley aliiandalia serikali ya Uingereza mpango wa kuwapiga picha watu wa makoloni yake wakiwa uchi, wima, mbele na ubavuni, kando ya kijiti cha kupimia. Watu wengi walikataa, na mpango haukufika mbali, lakini wazo lenyewe lapaswa kukumbukwa na kila anayesema kwamba picha ya kweli ni ile ambayo mtu hakujipamba. Walioamriwa kupigwa picha bila kujiandaa walikuwa watu ambao dola iliwaona kuwa vitu vya kupimwa. Waliowaamrisha wao walipigwa picha wamevaa suti, mkono umewekwa juu ya kitabu.

Ndiyo sababu kilichotokea baada ya utumwa kufutwa ni kikubwa kuliko mabadiliko ya mitindo. Mwanahistoria Laura Fair, katika utafiti wake kuhusu Zanzibar ya baada ya 1890, ameonyesha jinsi waliokuwa watumwa walivyoacha merikani na kaniki, nguo zilizowatambulisha utumwani, wakavaa kanga, kanzu, kofia na baadaye buibui. Walikuwa wakidai kwa nguo kile ambacho sheria ilikuwa imewapa kwa karatasi tu. Kanga yenyewe ilikuwa ngeni, kwani ilianza kuenea katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kila mwaka ilitoka na nakshi mpya. Mtu aliyekatazwa kofia mbele ya bwana wake hakuivaa kofia kama pambo. Alipofika mbele ya kamera akaiweka sawa kichwani, alikuwa anaandika cheti chake cha uhuru. Sioni namna ya kuliita tendo hilo kujikweza.

Katika karne ya 20 studio ikawa mahali pa watu wengi. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza baada yake. Mombasa, N. V. Parekh alifungua studio yake katika miaka ya 1940 na kufanya kazi hadi miaka ya 1980. Picha za Parekh ndizo ushahidi ninaouthamini kuliko wote, kwa kuwa ndani yake maandalizi ya mteja yanaonekana waziwazi. Mashoga wawili wamevaa sare, wamekaribiana bega kwa bega. Kijana amesimama kama mchezaji wa filamu, na mikao mingine imetoka moja kwa moja katika sinema za Kihindi zilizokuwa zikijaza kumbi za Mombasa. Wanawake wa Kiislamu walifika na buibui zao na kuzivua ndani, nguo na nywele zilizokuwa chini yake zikaonekana, na picha zikarudi nyumbani kwao kutazamwa na wanaohusika. Hapo mteja alipanga mambo matatu kwa mpigo: avae nini, akae vipi, na nani ataruhusiwa kuona. Hilo la tatu ni zito kama mengine, na leo ndilo tulilolisahau.

Hapa ndipo huja pingamizi lenye nguvu zaidi. Studio nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa na koti, tai, saa au redio ya kushikia, vikimngoja asiye navyo. Si uongo huo, mtu kutuma kijijini picha yake na redio ambayo si yake? Pingamizi hili lingekuwa na uzito kama kungekuwa na aliyedanganywa. Desturi ya kuazima ilijulikana na wote, wakiwemo waliopokea picha, kwa maana nao walikuwa wamewahi kuazima. Anayetaka ushahidi wa wazi atazame vibanda vya picha vilivyokuwa kwenye kivuko cha Likoni miaka ya 1990. Wapiga picha wengi walikuwa watu wa bara, na wateja wao vilevile: vibarua na wafanyakazi waliokuja Mombasa kutafuta maisha. Nyuma ya mteja palikuwa na mandhari ya meli, ndege na majengo marefu, yamepangwa na kupambwa kwa mkono. Hakuna mama wa kijijini aliyedhani kwamba mwanawe ameegemea ndege kwelikweli. Alisoma katika picha ile kwamba mwanawe yu mzima, anakula, amefika mji wa meli, na ana matumaini. Ilipofika Agosti 1997 na watu wa bara kushambuliwa Likoni, kilichovunjwa hakikuwa biashara ya vibanda peke yake. Watu walinyang'anywa mahali walipokuwa wakijieleza kwa jamaa zao kwamba nao ni wenyeji wa mji.

Serikali nayo ilikuwa na namna yake ya kumwandaa mtu. Kipande cha Kenya, kilichoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kilichukua alama za vidole za mwanamume Mwafrika na kumning'inizia shingoni kikiwa ndani ya kijaluba cha chuma; sura haikuhitajika. Picha ya pasipoti na ya kitambulisho ilipokuja iliirudisha sura, lakini kwa masharti: tazama mbele, usicheke, vua kofia, ukuta wa nyuma uwe wa rangi moja. Masharti hayo yana sababu zake na sina ugomvi nayo. Ila tazama walichofanya watu. Hata kwa picha hiyo ndogo, mteja alisimama kwanza mbele ya kioo cha studio, akachana nywele, akapaka poda kidogo kwenye paji la uso lising'ae, akavaa lile koti la ukutani ambalo kabla yake lilikuwa limevaliwa na mtaa mzima. Hakuna kanuni iliyomtaka avae koti. Alitaka kitambulisho kitakachobaki naye miaka mingi kimwonyeshe akiwa mtu wa heshima.

Nikirudi kwa vijana wa leo, siwalaumu kwa kujiandaa. Wanaendeleza kazi ambayo babu zao waliifanya kwa gharama kubwa zaidi. Wasiwasi wangu uko kwingine. Tembelea kurasa za kampuni za Nairobi au Dar es Salaam uone picha za wafanyakazi: mikono imekunjwa kifuani, ukuta wa kijivu, koti la rangi ya bahari, tabasamu la kipimo kilekile. Nywele za asili zinavutwa nyuma zisionekane sana, kanzu na kitenge vinaachwa nyumbani. Zipo kazi ambazo koti ndilo vazi lake, na anayelivaa kila siku hana sababu ya kulikwepa siku ya picha. Lakini fundi wa samani, mwandishi wa vitabu vya watoto au mkulima wa mwani wa Paje anapovishwa suti kwa sababu kiolezo kimesema hivyo, tumerudi katika studio ya kadi za posta, ambamo mwingine ndiye aliyejua mtu huyu aonekane vipi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mteja na aamue mwenyewe nguo, mkao na mahali, amweleze mpiga picha, na wakubaliane kwa maandishi picha zitatumika wapi na nani atabaki na faili halisi.

Wengine watasema kwamba historia hii inanipa uhakika mwingi mno, kwa kuwa wengi wa waliopigwa picha hawakuacha neno kuhusu walivyojiandaa. Pingamizi hilo nalikubali kwa nusu. Mara nyingi nguo, mkao na macho vinasema vya kutosha. Palipo na pengo, pengo hilo tunaweza kulipunguza sasa, maana waliokwenda kwa Parekh, kwa Oza na kwenye studio nyingi ambazo zimefungwa wako hai baadhi yao, na picha zao zimo ndani ya masanduku na chini ya magodoro. Kadi za posta zilituachia wanawake wasio na majina. Tusiwafanyie hivyo mama zetu. Ukiwa na picha ya studio nyumbani kwako, itoe, ukae na mkubwa anayeikumbuka, na uandike nyuma yake kwa penseli laini: jina la aliyepigwa, mji, studio, mwaka kama unajulikana, na nguo ile ilikuwa ya nani.