Lahaja ya Kojani na Wajibu wa Vyuo

Neno chuo ni la zamani katika pwani ya Afrika Mashariki. Kabla ya kuwa jina la mahali pa elimu ya juu, lilikuwa na maana ya kitabu, na tena ya mahali ambapo watoto walisomeshwa Kurani. Chuo cha namna hiyo kilikuwa kijijini. Mtoto hakuvuka bahari kukifuata. Chuo Kikuu kiko mbali naye, wala umbali huo si wa maji tu, bali ni wa lugha pia.

Kojani ni kisiwa kidogo karibu na pwani ya mashariki ya Pemba. Wenyeji wake ni wavuvi mashuhuri, na desturi yao ni kwenda dago, yaani kuhamia kambi za uvuvi kwa muda, hata kufika pwani ya bara. Usemi wao ni miongoni mwa lahaja za Pemba.

Katika mwaka wa 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka wa 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Faida ilikuwa kubwa, kwani vitabu vya aina moja viliweza kusomwa kote. Walakini lililochaguliwa kwa ajili ya uchapaji liligeuka kuwa kipimo cha usahihi. Mtoto asemaye kama mama yake huonekana amekosea, hali lahaja yake si Kiunguja kilichoharibika, bali ni ndugu yake. Elimu bure, iliyotangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, iliondoa ada. Haikukiondoa kipimo hicho.

Wataalamu hawakuisahau Pemba. W. H. Whiteley alitoa uchunguzi wake wa lahaja na mashairi ya kisiwa hicho mwaka wa 1958, nao uliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka wa 1964 kazi ya Kamati iliingizwa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, na mwaka wa 2012 Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa kamusi ya Kipemba. Kazi hizi zastahili heshima. Lakini kukusanya maneno ni jambo moja, na kuwafungulia mlango wenye maneno ni jambo jingine.

Mfano wa kutafakari watoka Kanada. Huko watoto wa wenyeji wa asili walitiwa katika shule za bweni na kukatazwa lugha zao. Tume ya Ukweli na Upatanisho ilitoa miito 94 mwaka wa 2015, na wito wa 16 wavitaka vyuo vianzishe shahada za lugha hizo. Dhuluma ya namna ile haikufanyika Kojani. Hata hivyo msingi wa wito huo wafaa: chuo kilichonufaika na lugha ya watu kina deni kwao.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1999, chaweza kulilipa deni hilo kwa karibu zaidi. Walimu wafundishwe kutofautisha lahaja na kosa. Mafunzo yapangwe kwa kuangalia majira ya dago. Wavuvi wanaotoa maneno watajwe kuwa washiriki wa utafiti, na nakala zirudishwe kisiwani. Hapo Kiswahili sanifu kitabaki daraja la wote, na mtoto wa Kojani atalivuka bila ya kuionea haya lugha ya nyumbani kwao.