Vitamini D na mifupa ya wazee (Kabambare)
Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo (DRC), iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua linalotengeneza vitamini D ndani ya ngozi lipo mwaka mzima. Anayelikosa ni mzee asiyeweza tena kutoka nyumbani. Vitamini hii husaidia utumbo kufyonza kalsiamu, lakini peke yake haitibu osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kupungua uzito na kuvunjika kirahisi. Nchini Ufaransa, utafiti wa 1992 kwa wanawake wazee 3,270 ulionyesha kuwa uniti 800 za vitamini D kwa siku pamoja na kalsiamu zilipunguza mivunjiko ya nyonga. Kalsiamu hupatikana kwenye sombe (majani ya muhogo) na ndakala (samaki wadogo) wanaoliwa pamoja na miiba yao. Mtoeni mzee wenu nje, aote jua.