Njia za Kujiandaa kwa Shahada ya Uzamivu ya Hisabati

Mhitimu wa hisabati anayekusudia kusomea shahada ya uzamivu hapimwi kwa alama za mitihani pekee. Vyuo vingi hutaka pia barua za wahadhiri walioshuhudia uwezo wake wa kufanya utafiti. Asiyewahi kusimamiwa kwa karibu hukosa ushahidi huo, hata kama ufaulu wake ni wa juu.

Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati (AIMS), iliyoanzishwa mwaka 2003 huko Muizenberg, Cape Town, na mwanafizikia Neil Turok, husaidia kuziba pengo hilo. Wanafunzi wa shahada ya umahiri huishi mahali pamoja na wakufunzi, husoma kozi fupi, kisha huandika mradi wa utafiti chini ya msimamizi. Rwanda ina kituo chake jijini Kigali.

Njia nyingine ni stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja inayotolewa kwa ufadhili na ICTP, kituo kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964 mjini Trieste, Italia. Huwalenga wanafunzi kutoka nchi zinazoendelea na huhitimishwa kwa tasnifu.

Kwa kuwa barua ya mhadhiri hujengwa kwa kazi ya muda mrefu, inafaa mwanafunzi aombe msimamizi kabla ya mwaka wa mwisho wa masomo.