Wittenoom: Mji umefutwa, vumbi limebaki

Mwaka 2023 zilibomolewa nyumba za mwisho za Wittenoom, mji mdogo wa wachimbaji uliokuwa katika eneo la Pilbara, kilomita zipatazo 1,100 kaskazini mwa Perth, Australia Magharibi. Umeme ulikuwa umekatwa tangu 2006, na mwaka uliofuata jina la mji likaondolewa rasmi kwenye ramani.

Chanzo ni asbestosi ya buluu. Lang Hancock alianza kuichimba katika makorongo ya hapo miaka ya 1930. Mwaka 1943 kampuni ya sukari ya CSR iliushika mgodi kupitia kampuni yake tanzu, na mji ukajengwa 1947. Vibarua wengi walitoka Italia na kwingineko Ulaya, wakiikimbia njaa iliyoachwa na vita.

Mwaka 1948 alifika daktari kijana, Eric Saint, aliyekuwa akiwazungukia wagonjwa wa bara kwa ndege. Alipoona vumbi lilivyotanda kinuni, aliiandikia Idara ya Afya mjini Perth kwamba mgodi ule ungezaa wagonjwa wa mapafu wengi kuliko mahali popote palipopata kuandikwa na madaktari. Onyo lake halikuusimamisha mgodi. Makapi ya asbestosi yaliendelea kumwagwa mjini ili kufunika udongo mwekundu: barabarani, uwanja wa ndege, uwanja wa shule, hata nyuma ya nyumba. Watoto waliyachezea kama mchanga. Wanaume walishindana kuyajaza kwenye mapipa kwa koleo, vifua wazi, bila kitambaa puani.

Mwaka 1960 aligunduliwa mgonjwa wa kwanza wa mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu. Mgodi uliendelea kwa miaka sita zaidi, na ulipofungwa 1966, sababu iliyotolewa ilikuwa hasara ya biashara. Haki ilichelewa hadi 1988, mahakama ilipoamuru mchimbaji mmoja mgonjwa alipwe dola 250,000 juu ya fidia yake, kama adhabu kwa kampuni iliyoijua hatari na kuipuuza. Kati ya watu 20,000 hivi waliopita Wittenoom, zaidi ya 2,000 wameuawa na vumbi hilo.

Sheria ya mwaka 2022 ilimwondoa mkazi wa mwisho. Lakini takriban tani milioni tatu za makapi bado zimelundikana korongoni, katika ardhi ya mababu wa Wabanjima, na kila mvua kubwa huyasogeza mbele. Kubomoa vibanda na kuyaacha makapi ni kazi nusu, na Wabanjima wana haki ya kudai nusu iliyobaki.

Nasi Afrika Mashariki tusijione tuko mbali. Shule na nyumba nyingi za zamani bado zimeezekwa kwa asbestosi. Paa la namna hiyo lisikatwe kwa msumeno wala kuvunjwa ovyo, waitwe wataalamu. Eric Saint alionya mapema, na gharama ya kutomsikiliza inajulikana.