Kuku ya pilipili ni ya nani?



Leo tunaandika historia ya chakula, na yote ilianza kwa ubishi. Siku hiyo tulikuwa wanne, tumekwenda Lilongwe na kibali cha siku moja kwa shughuli za kikundi. Shughuli zikaisha mapema, njaa ikatushika, tukachanga pesa tukaingia kwenye kibanda kimoja cha kuku Old Town. Unajua zile kuku: zimepasuliwa kifuani, zimekunjuliwa kama kitabu, zimelala juu ya makala, mafuta yanadondoka na moshi unakuita tangu barabarani. Tukaletewa robo nne, chipisi, kabichi, na chupa ya Nali, ile pilipili ya Malawi inayouzwa tangu miaka ya 1970.

Mmoja wetu akauma mara moja tu, akasema: "Hii ni ya kwetu Bukavu kabisa." Yule wa Burundi akacheka: "Bukavu gani? Hii tulikuwa tunakula Bujumbura." Kijana Mmalawi aliyekuwa anageuza kuku alikuwa anatusikiliza. Akatuambia kwa Chichewa, taratibu, kwamba wote tunakosea. Hii ni ya Msumbiji, yeye alifundishwa na mtu wa Tete.

Tukarudi nyumbani na minibasi, kilomita kama 45, tukibishana mpaka Dzaleka. Halafu tukaamua tutafute ukweli. Haya ndiyo tuliyopata.

Tuanze na kuku mwenyewe. Huyu ni mgeni Afrika. Mababu zake ni kuku wa porini wa Asia ya Kusini-Mashariki. Pwani yetu ya Afrika Mashariki wafugaji wamekuwa naye kwa zaidi ya miaka 1,000, na Bahari ya Hindi ni moja ya njia zilizomleta. Pilipili kali nayo imetoka mbali zaidi, Amerika. Kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492, hakuna mtu wa Afrika aliyewahi kuonja pilipili kali. Wareno waliichukua huko wakaisambaza kwenye bandari zao. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita Msumbiji, Mombasa na Malindi. Mwaka 1505 Wareno wakajenga ngome Sofala, na baadaye wakapanda mto Zambezi mpaka Sena na Tete.

Lakini jina lilikuwa limetangulia. Watu wa pwani walikuwa wanaijua pilipili nyingine, ile nyeusi ya India, na jina lenyewe lina mizizi huko India. Pilipili mpya ilipofika ikapewa jina la zamani. Ile "piripiri" ya Wareno, inayoandikwa leo kwenye mabango ya mikahawa mpaka London, ni ndugu wa pilipili yetu. Yaani sisi tulilipa bei ya mjini kununua neno letu wenyewe!

Katika mji wa Quelimane, Msumbiji, kuku huchomwa kwa tui la nazi, wanaiita kuku ya Zambezia. Sasa panda juu na pwani mpaka Zanzibar na Mombasa: utakuta kuku wa kupaka, amechomwa kwa makaa kisha akapakwa mchuzi wa nazi. Pwani ni moja, mapishi yanafanana. Huku Malawi nazi si nyingi, basi inabaki ndimu, kitunguu saumu, chumvi, mafuta na pilipili.

Angalia pia maneno. Mchoma kuku wa Old Town anasema moto, nasi tunasema moto. Anasema makala, na Mkongo anasema makala. Anasema nkhuku na mafuta, hauhitaji mkalimani. Kitunguu saumu yeye anakiita adyo, na hilo ni neno la Wareno. Historia yote imekaa ndani ya bakuli moja la viungo.

Hapa hatutaki kudanganya, njia hizo hazikubeba viungo peke yake. Karibu mwaka 1840 mfanyabiashara wa pwani anayejulikana kama Jumbe alijenga makao Nkhotakota, kando ya Ziwa Malawi. Majahazi yake yalivusha pembe za ndovu, yakavusha na watumwa. Upande wa Kongo, misafara ya Tippu Tip ilifanya vilevile mpaka Kasongo, na ndiyo moja ya sababu watu wa Maniema wanaongea Kiswahili leo. Kwa hiyo mtu akikuambia Kiswahili kimeingia Malawi na wakimbizi, mwambie kilifika miaka 150 kabla ya kambi yetu. Na wengi walioitembea njia ile hawakuulizwa kama wanataka kwenda.

Tuje karibu. Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, na Wareno wengi wakaondoka haraka. Baadhi walihamia Rosettenville, mtaa wa Johannesburg, wakaendelea kuchoma kuku yao ya piripiri. Mwaka 1987 Fernando Duarte na Robert Brozin walinunua mkahawa mmoja wa kuku mtaani hapo. Ndiyo mwanzo wa Nando's, inayojulikana sasa duniani kote.

Miaka ileile vita vya Msumbiji vilikuwa vinasukuma watu upande wetu huu. Malawi, nchi ndogo, ilipokea Wamsumbiji zaidi ya 1,000,000. Wengi walirudi kwao baada ya mkataba wa amani uliosainiwa Roma mwaka 1992. Mwaka 1994 ikafunguliwa Dzaleka kwa ajili ya watu wa Rwanda, Burundi na Kongo, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa Kamuzu Banda. Kambi ilipangiwa watu kama 10,000 hivi. Leo tumepita 50,000.

Ndiyo maana ubishi wetu haukuwa na mshindi. Kila mkono uliobeba kuku hii ulikuwa wa mtu aliye safarini, mwingine kwa biashara, mwingine kwa kukimbia. Na kila alikotua, baada ya muda watu walisema ni yao.

Sasa tuwaambie kwa nini jambo hili linatuuma. Hapa sokoni Dzaleka kuna mama mmoja wa Uvira anayechoma kuku. Zamani alikuwa na jiko lake Lilongwe, wateja wake wengi walikuwa Wamalawi. Mwaka 2023 ilitoka amri kwamba wakimbizi wanaoishi mjini warudi wote kambini, na mwezi Mei polisi wakaanza kukusanya watu. Mama alirudi na jiko, sufuria mbili na watoto. Mtaji ulibaki huko.

Tulimpelekea swali letu: kuku hii ni ya nani? Hakuinua kichwa, alikuwa anapuliza moto. Akasema: "Wanangu, mjini nilikuwa nakata kuku vipande vinne. Hapa nakata nane, na siku nyingine vinabaki. Mimi nataka kujua ya nani atakayeinunua."

Tulinyamaza. Tulikuwa tumebeba daftari, tarehe na majina ya wafalme wa biashara, na yeye alikuwa na vipande nane mbele yake. Tukanunua vinne. Vilikuwa vidogo, lakini pilipili ilikuwa ileile ya Old Town, na ndimu alizidisha kidogo kama wanavyopenda watu wa Uvira. Yule wa Bukavu alilamba vidole, akakubali kwamba kwao haikufikia hii.

Ndugu wa mashirika, mnapita pale sokoni kila siku na magari, na saa sita mnarudi mjini kula. Siku moja simameni. Mama anawasha moto saa nne asubuhi, na Jumamosi kuku inakuwa nyingi. Mkipenda kuandika kwenye ripoti kwamba wakimbizi wanajitegemea, anzeni kwa kununua kipande.

Na nyinyi vijana wenzetu, ulizeni nyumbani. Bibi yako alikuwa anapaka nini kwenye kuku kabla ya kuiweka motoni, na yeye alifundishwa na nani? Andikeni hata mistari mitano, wazee wakiwa bado tunao. Sisi tutaikusanya.