Penseli na Magofu ya Tintern

Mwaka 1536 Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza aliifunga abasia ya Tintern, huko Wales, nyumba ya wamonaki tangu 1131. Mabati ya risasi yaliyoezeka paa yakang'olewa, mvua ikaingia.

Zaidi ya miaka mia mbili baadaye wakaja wachoraji, wengi kwa mashua za Mto Wye. J.M.W. Turner alifika mwaka 1792, kijana wa miaka 17, akachora matao marefu yaliyofunikwa na mimea itambaayo. Mchungaji William Gilpin, katika kitabu chake cha 1782, alilalamika kuwa ncha za kuta zimenyooka mno. Eti nyundo ingezirekebisha! Lakini huyo huyo, na kwa hili namsifu, aliandika pia habari za maskini waliojibanza katika vibanda humo magofuni, wakiombaomba. Ukitazama picha peke yake waweza kudhani Tintern haikujua njaa.

Serikali iliyanunua magofu hayo mwaka 1901. Mafundi wakaing'oa mimea ili kuziokoa kuta. Tintern aliyoiona Turner sasa imo katika karatasi tu.